Mgeni Aliyetema Divai

Nisingekuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya masista kule Mukumu, nadhani hadi leo ningekuwa sijaolewa. Nasema hivyo bila aibu. Kwa miaka miwili Wanjala alikuwa akija kwetu Ekero kuniposa, na kwa miaka miwili baba yangu, Mzee Osundwa, alikuwa akimkaribisha vizuri, akimlisha vizuri, kisha akimrudisha mikono mitupu.

Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika zizini. Kilichobaki ni kimoja tu: mzee aliyemzidi baba umri apige funda la pombe na kutupulizia sisi wawili, iwe baraka. Nyumbani kwetu bila hilo hakuna harusi, hata padre awe amevaa tayari. Na baba alikuwa na kasoro ya kila mzee. Huyu ana kikohozi. Yule aligombana na marehemu babu. Wa tatu hana meno, pombe itamdondoka kifuani. "Tungoje," alisema baba, "anayefaa atapatikana." Wanjala, fundi wa matrekta ya miwa, alikuwa na subira ya kutosha watu watatu. Mimi sikuwa nayo hata ya mmoja.

Mwaka 1996 Sista Odile alitembelewa na kaka yake kutoka Ufaransa, Bwana Lucien, mzee wa miaka sabini na miwili, mikono mipana, kucha nyeusi za mkulima. Ukoo wao umelima mizabibu tangu enzi za babu wa babu yao. Sista, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, alinitafsiria habari zao nikimenya viazi. Baada ya mavuno ndugu wote watano hukusanyika ghalani, wakaonja divai nyekundu pipa baada ya pipa, na kugombana. Dada mkubwa huitetea ile ya mteremkoni, kali, inayokausha ulimi. Kitinda mimba huitaka ile laini ya bondeni. Hawatoki mpaka wapatane, kwa sababu jina linaloandikwa kwenye chupa ni la wote.

Nilichokitazama zaidi ni jinsi mzee huyo alivyoonja. Alizungusha divai kwenye glasi, akainusa, akapiga funda, akalisukasuka mdomoni, kisha akalitema. Nilikasirika sana. Kitu kimevuka bahari, halafu kinatemwa? Sista akacheka.

"Anayemeza akifika pipa la kumi, kila divai kwake ni tamu," alisema. "Kwetu anayetema ndiye anayeaminiwa."

Basi nikawa namwekea kopo upande wa kushoto, maana alitema kushoto siku zote, bila kutazama.

Bila kutazama. Hapo ndipo shetani aliponigusa bega.

Niliwaalika nyumbani Jumapili, chakula cha mchana. Shangazi Teresa, dada yake baba, alipika ingokho, kuku wa mchuzi, na obusuma, ugali wa kwetu. Wanjala alikuja na shati aliloazima. Kiti cha mgeni nilikipanga mwenyewe, kushoto kwake pakiwa na nafasi ya watu wawili. Kopo nililisahau Mukumu. Nililisahau vizuri sana.

Bwana Lucien alileta chupa mbili za kwao. Sista alieleza kwamba divai ikisafiri kwenye joto huweza kuharibika, kwa hiyo kaka yake asingempa mwenye nyumba kabla ya kuionja. Chupa ilipofunguliwa, nilimvuta Wanjala mkono.

"Piga magoti hapa," nilimnong'oneza. "Kizibo kimeanguka."

"Kizibo si anacho mkononi?" alisema Wanjala, mtu mkweli kupita kiasi.

"Tafuta."

Tukapiga magoti. Mzee akazungusha, akanusa, akapiga funda, akageuka kushoto. Lilitupata sawasawa, usoni na kifuani, na shati la watu likawa jekundu.

Kabla mtu hajapumua, shangazi alipiga vigelegele. "Osundwa, si umeona? Mzee amewapulizia. Amekuzidi miaka, ni mgeni wa nyumba yako, na hii pombe ni ya babu zao. Unatafutanga mzee gani tena?"

Bwana Lucien maskini alikuwa mwekundu kuliko divai, akitufuta kwa leso na kuomba radhi. Sista alimweleza alichokifanya. Kaka yake akafikiri kidogo, akamjibu.

"Anauliza," alisema Sista, "kama chupa ya pili nayo aiteme, au hiyo imetosha."

Tulicheka wote, isipokuwa baba.

"Priscah," alisema. "Huyu mgeni ameketishwa hapo na nani?"

"Na mimi, baba."

"Na lile kopo lake, lile unanisimulianga kila Jumamosi?"

"Nimelisahau."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Nilijua amejua, na kwamba akisema neno moja, Wanjala ataondoka na hatarudi tena. Baba akasimama, akajimiminia divai kwenye kikombe cha chai. Alipozungumza hakuwa akizungumza nami, alikuwa akizungumza na mzee mwenzake.

"Sista, mwambie. Tangu mama yake Priscah afe, mimi hula na mtu Jumamosi na Jumapili tu, huyu akija kutoka kazini. Wazee walikuwako. Wote walifaa."

Sista alitafsiri. Bwana Lucien alivua kofia.

"Baraka yake nimeikubali," baba aliendelea. "Lakini hatanitangulia kwa mtoto wangu halafu mimi nikae tu."

Akapiga funda, akasimama mbele yetu mashavu yamejaa. Nilifumba macho nikangoja. Nilipofumbua, alikuwa amemeza.

"Imenipita kooni," alisema.

Akapiga la pili. Akalimeza pia.

La tatu lilitufikia, la vuguvugu kutoka kinywani mwake, likanitiririka hadi shingoni, na hapo tu ndipo nilipoelewa kwamba ninaondoka kwetu.