Leseni Moja, Maduara Manne

Studio ya Paskalina ipo Katoro, jirani na pale mabasi ya Ushirombo yanaposimama. Jumanne moja asubuhi ilikuwa na wateja sita wa pasipoti saizi, na bwana harusi mmoja aliyetaka kufutwa jasho la usoni kwenye picha yake. Kompyuta zilikuwa nne. Leseni ya programu ya kuediti picha ilikuwa moja, nayo ilikubali kufunguka kwenye kompyuta mbili tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kufungua ya tatu, sharti kwanza utoke kwenye mojawapo.

Wenye studio wengine pale mjini walitumia programu za wizi, zikawa zinawazimikia kazi ikiwa katikati. Paskalina alinunua ya halali, akaiendesha kama wachimbaji wanavyoendesha duara, yaani shimo lao la dhahabu. Duarani kwao, anayeshuka huacha kandambili mdomoni mwa shimo ili walio juu wajue chini kuna mtu. Paskalina alinunua jozi mbili nyekundu. Kompyuta yenye kandambili mbele yake ndiyo yenye leseni. Kama hakuna kandambili, usiguse. Hata umeme ukikatika ghafla, kila mtu alijua leseni imekwama wapi. Wapo watu wenye digrii na magari ya serikali ambao hawajawahi kupanga kitu kikaeleweka namna hiyo.

Alipokwenda kuisajili leseni hiyo kwenye ofisi ya serikali, alimkuta karani ambaye tangu asubuhi alikuwa akiandika leseni za uchimbaji. Paskalina akamweleza: leseni moja, mashine nne, watu wawili kwa wakati mmoja. Karani akaandika leseni moja, maduara manne, wachimbaji wawili, akagonga muhuri. Paskalina akaomba pasahihishwe. Akajibiwa kwamba kilichogongwa muhuri hakina kosa, labda aliyekileta.

Kuanzia wiki ile programu ikaanza kuchimba. Ukiondoa tabaka la juu la picha, unaona kilicho chini ya ardhi pale ilipopigwa. Mzee mmoja wa Nyasubi, Kahama, alileta picha ya shamba, akaliona jembe la baba yake, mpini umeliwa na mchwa. Familia moja ya Chato ilionyeshwa pa kuchimba kisima, wakachimba, wakapata maji. Dhahabu haikuonekana hata siku moja, maana hiyo ilishaandikwa majina ya wengine. Kila kompyuta ilikuwa na kina chake. Ya kwanza iliondoa vumbi, ya pili udongo, ya tatu kokoto, na ya nne ilifika kwenye mwamba.

Jumanne ile ya bwana harusi aliingia Otmar, mfyatua tofali. Mkewe Dorika alikuwa akiponda mawe kwenye kifusi cha mgodi, nacho kifusi kiliporomoka wakati wa mvua za Machi. Kamati ya uchunguzi ilitoa maiti tisa, ikaandika tisa, ikafunga. Otmar alikwenda mara kumi na moja kusema wa kumi yumo, na mara kumi na moja aliambiwa alete ushahidi. Alitaka jambo moja tu: jina la mkewe liandikwe kwenye orodha ya waliokufa, ili achimbuliwe azikwe kama watu.

Alikuwa na picha moja kwenye simu. Ilionyesha wajumbe wa kamati wamesimama juu ya kifusi siku ya tatu, na kofia ngumu kichwani.

"Hapa chini yao," alisema.

Paskalina akatazama. "Kaa, baba. Hii ni ya kufika namba nne."

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Picha ilitakiwa kuhama kompyuta hadi kompyuta bila kufungwa, na ukitoa leseni nyuma kabla mbele hakujashika, udongo wote unarudi. Paskalina alikwenda nayo kama mtu anayevuka mto kwa mawe mawili, hanyanyui la nyuma kabla hajakanyaga la mbele. Alitoka kwenye namba moja akafungua namba tatu. Alitoka kwenye namba mbili akafungua namba nne. Kila mara kandambili zilihama naye. Bwana harusi alingoja na jasho lake, akasema mama huyu angepewa wizara.

Saa tano kasoro Dorika akaonekana. Alikuwa amekaa, kanga kiunoni, nyundo mkononi, vumbi la mawe kwenye nyusi.

"Baba Elieth," alisema kwenye spika. "Hilo shati umelifua kwa sabuni au kwa majivu?"

"Kwa sabuni."

"Sabuni ya wapi hiyo? Mtoto amekula?"

"Amekula. Yuko kwa Mama Bhoke." Otmar akasogeza stuli. "Wamesema hukuwepo."

"Nilikuwepo. Huyo mwenye kofia nyeupe alisimama begani kwangu akapokea simu. Aliagiza sato, wasimkaushe sana."

Paskalina akamtuma mteja mmoja mwenye pikipiki akamlete mwenye kofia nyeupe. Alikuwa bwana Gregory, katibu wa kamati. Alikuja saa nane, amekwishakula. Aliinama mbele ya namba nne akaitambua kofia yake, halafu buti zake, halafu mwanamke aliyekuwa chini ya buti.

"Habari za kazi, mama," alisema.

"Njema, baba. Sato alikuwaje?"

"Walimkausha."

"Pole."

Bwana Gregory akanyooka akamgeukia Paskalina. Alisema hajapata kuona picha safi kama ile, hata mjini Mwanza. Halafu akauliza kama programu ina leseni. Paskalina akamwonyesha cheti na muhuri. Akakisoma mpaka mwisho, akaridhika.

"Basi hii ni picha iliyohaririwa," alisema, "na imehaririwa kihalali kabisa. Kamati haipokei picha iliyohaririwa."

"Na ile iliyo kwenye simu?" Otmar aliuliza.

"Hiyo naipokea. Naona wajumbe wanne na kifusi."

"Lakini umeongea naye."

"Nimemsalimia, mzee wangu. Kumsalimia mtu si kumwandika."

Akaomba apigwe pasipoti saizi mbili kwa vile alishafika, akaondoka.

Jioni Paskalina hakufunga namba nne. Kumwacha Dorika wazi kulimaanisha kazi yote ya studio ifanyike kwa kompyuta moja, harusi, vipaimara, vitambulisho, foleni ikifika barabarani. Hakumwomba mtu ushauri wala shukrani. Aliwaambia wateja namba nne ina mtu, wakaielewa lugha hiyo, kwa kuwa kila ukoo pale umewahi kuwa na mtu chini.

Ijumaa ofisi ya kamati ilibandika orodha ya waliokufa. Otmar aliishia darasa la tatu, kwa hiyo aliinakili herufi moja moja kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaja kumsomea mkewe. Alisoma taratibu kwa kidole. Ritha. Vumilia. Festo. Dorika aliitikia kila jina, akasema yule nilimsikia akitolewa, na huyu, na huyu, alikuwa anadai kisogo kinamuuma. Majina yakafika tisa.

"Chini yake wameandika nini?"

"Wameandika hakuna mwingine."

"Soma tena."

"Hakuna mwingine. Halafu muhuri."

Dorika akakaza kanga yake. Alivuta jiwe moja karibu na mguu, akaliangalia upande wenye ufa, akaanza kuponda. Aliponda siku hiyo na kesho yake, na wateja wa Paskalina wakazoea kupaza sauti kidogo wanapotaja ukubwa wa picha wanazotaka.