Jiwe la Kabichi

Lori la makumbusho lilikuwa lije mchana, na Mama alikuwa bado hajaliondoa jiwe kwenye kasiki. Kila vuli, tangu utoto wangu, jiwe hilo ndilo lililogandamiza kabichi zetu za kuchachua. Baba alilipasua shambani, likafunguka kama kurasa mbili. Ndani alikuwa amelala mnyama wa kale aliyegeuka jiwe, mwenye meno na mkia mrefu wa mifupa, amezungukwa na alama za manyoya. Majirani waliopata mawe kama hilo waliyauza. Baba aliweka lake juu ya kabichi, picha ikitazama juu, eti mnyama apate hewa.

"Mjusi huyu," alisema kila tulipofunua kasiki. "Kuku gani ana meno?"

"Na mjusi gani ana manyoya? Macho yako yako kisogoni, mzee!" Mama alimjibu.

Bila ubishi huo kabichi hazikukolea.

Baba alitutoka kabla ya theluji kuyeyuka. Mimi husafisha mifupa kwa sindano pale makumbusho, na ndimi niliyemshawishi Mama alitoe jiwe. Chumvi ilikuwa imeanza kuyala manyoya.

"Yafen," aliniita, mikono ikichuruzika maji. "Nyinyi wa kazi hiyo mnajua. Nani alikuwa sahihi?"

Nilikuwa nikiliogopa swali hilo. Ukweli ulikuwa upande wake, na wa kushindwa hakuwapo.

"Mjusi ni ndugu wa mbali," nikasema. "Ndege wametoka katika ukoo wa huyu. Hata mamba, Mama, udugu wake na kuku ni wa karibu kuliko wake na mjusi."

"Mamba?"

"Mamba."

"Kwa hiyo nimeshinda."

"Umeshinda."

Hakucheka. Aliufuta ule mkia kwa upindo wa aproni, polepole, kama anayemfuta mtu uso.

"Miaka yote nilitaka kushinda," alisema. "Sasa nitamcheka nani?"

Lori lilipoondoka, alichagua jiwe jingine uani. Alilitazama upande mmoja, akaligeuza, akatazama wa pili. Halikuwa na kitu. Akaliweka juu ya kabichi, akaketi kwenye kigoda chake, akikielekea kigoda kitupu cha Baba.

"Mamba, mzee," alisema. "Umesikia? Mamba!"

Kisha akanyamaza, kichwa amekiinamisha kidogo, akimpa nafasi ya kubisha.