Rangi ya Gaudensia

Mwili wa Gaudensia ulifika Basotu asubuhi ukitokea Arusha, na mama yake akakataa kuingia chumba ulimolazwa. Alikaa jikoni, mgongo ameuelekeza mlangoni, akasema huyo waliyemleta hamjui.

Alikuwa anamjua sana. Miaka kadhaa nyuma, Gaudensia alikuja Krismasi amejichubua kwa mkorogo, uso umekuwa kama kiazi kilichomenywa. Mama akamwambia mbele ya wageni, "Rudi siku utakayokuwa na rangi niliyokuzaa nayo." Kila mwaka Gaudensia alipiga simu kuomba kuja nyumbani, na kila mwaka alijibiwa kwa swali lile lile, "Umeshakuwa mweusi?" Ukaidi wenyewe mtoto aliurithi hapo hapo jikoni, basi akabaki Arusha mpaka homa ya ini ikammaliza. Na muda wote huo kijiji kiliendelea kumwita mama huyo Mama Gaudensia, maana mtoto wa kwanza ndiye anayempa mzazi jina, ugomvi uwepo usiwepo.

Mdogo wa Gaudensia, Letisia, ana saluni Katesh na hupamba maharusi. Katekista aliposema watu hawataanza kuaga kabla mama hajaaga, Letisia aliinuka akafuata begi lake la kazi. Kama kinachomzuia mama ni rangi, rangi anayo.

"Unataka kumfanya bibi harusi?" aliuliza shangazi Bernadina, aliyekuwa amekaa na maiti.

"Hapana, shangazi. Nataka afanane na yule wa zamani."

Alifungua pazia, kwa sababu rangi ya uso huchaguliwa kwa mwanga wa jua, taa hudanganya. Akatoa bronza zake, zile poda za kahawia anazowapaka wateja ili uso uonekane umepigwa na jua la shambani. Ya kwanza ilikuwa na wekundu, ingemfanya kama tofali. Ya pili ilimetameta, hiyo ni ya sherehe. Ya tatu ilikuwa kahawia kavu, lakini kwa kiasi gani? Picha ya Gaudensia ya kipaimara ilikuwa imefifia, na kumbukumbu za Letisia zilikuwa za mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni na dada yake.

Ndipo alipoiangalia mikono iliyoshika rozari. Mkorogo hushinda uso, hushinda na shingo, lakini vifundo vya vidole huukataa. Vya Gaudensia vilikuwa vyeusi vile vile, vya msichana aliyepalilia vitunguu kando ya ziwa. Letisia akaweka poda karibu na kidole, akaona vinalingana, akalia hapo hapo bila kujificha.

Ngozi ya marehemu haina joto la kushika poda. Alipasha losheni kiganjani mwake mwenyewe, akachanganya, akapaka kidogo kidogo, kwanza pale jua linapogusa: paji la uso, mashavu, mgongo wa pua. Akateremka taratibu mpaka shingoni ili kusiwe na mpaka. Alipomaliza, shangazi Bernadina alijishika mdomo. Aliyelala pale alikuwa Gaudensia wa kabla ya Arusha.

"Wifi, njoo," shangazi aliita jikoni. "Njoo umwone mwanao. Amekuwa yeye."

Mama Gaudensia alikuja akiburuta miguu. Alisimama kichwani pa jeneza, akaangalia kwa muda mrefu. Letisia alingoja akiwa bado na brashi mkononi, akitamani neno moja tu.

"Umeipata," mama alisema. "Ndiyo hii rangi yake."

"Basi muage, mama."

"Huyu nilishamuaga. Huyu aliondoka hapa na sanduku la bati, nikamsindikiza mpaka stendi." Akauinamia ule uso. "Yule aliyekuwa ananiomba kila mwaka aje nyumbani, sikumfungulia mlango hata siku moja. Yuko wapi?"

Wasemao uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hawasemi mzazi huujua lini.

Mama alichukua pindo la kitenge chake, akalilowesha kwenye beseni la maji, akaanza kufuta. Letisia aliunyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Kahawia ilitoka, na chini yake ukatokea ule weupe wa mabaka, umeungua karibu na macho, ngozi nyembamba ya mtu aliyeumia peke yake mbali. Mama alifuta paji, akafuta mashavu, akafuta shingo, polepole kama anavyooshwa mtoto mwenye homa.

"Karibu nyumbani, Gaudensia," alisema. "Ingia, mwanangu. Ingia hivyo hivyo."

Kisha akamwambia katekista awafungulie watu mlango.