Zamu ya Maji ya Mzee Eldon

Nimechoka. Naanza na hilo usije ukadhani nasimulia kwa raha. Miaka thelathini na moja nafungua na kufunga maji ya mfereji huu, na siku iliyonichosha kuliko zote ni ile Ijumaa ya Julai nilipofunga lango la Lavonne Purdy kwa mnyororo.

Kazi yangu ni hii. Mfereji mkuu unatoka bwawani, unapita katikati ya mashamba, na kila shamba lina lango lake la chuma. Mkulima akitaka maji anajaza kadi: jina lake, saa ngapi, na zao gani linamwagiliwa. Mimi nazunguka na pikapu, nafungua la huyu, nafunga la yule. Maji ni ya serikali kuu, maana ndiyo iliyojenga bwawa. Mashamba yako jimbo la Washington. Sasa usichanganye: jimbo letu linaitwa Washington, na serikali kuu nayo inakaa mji unaoitwa Washington, huko upande wa pili wa nchi, na wakubwa wa kule na wa huku hawaelewani hata kidogo kuhusu bangi. Jimbo linasema panda, leseni hii hapa, lete kodi. Serikali kuu inasema bangi ni haramu, na maji yake yasiiguse hata tone. Katikati ya hao wawili nimesimama mimi na spana yangu.

Lavonne leseni anayo. Tangu mumewe Merle afariki amepanda bangi ndani ya banda la nailoni, miche mia nne kwenye mifuko myeusi ya udongo, na anaimwagilia kwa maji ya kisima chake kama alivyoagizwa. Maji ya mfereji yanakwenda kwenye majani ya ng'ombe tu. Kutoka mtaro wa mfereji hadi mlango wa banda ni hatua kumi, na kwa miaka mitatu hajapeleka hata ndoo moja. Mimi ndiye shahidi, na wala sikuwa namchunga. Namjua tu.

Jumatano pampu ya kisima ikafa. Kifaa chake kikaagizwa mbali, wakamwambia kitafika Jumatano inayofuata. Na joto lilikuwa lile la kukaanga yai juu ya boneti ya gari. Mche ulio ardhini hujitafutia, lakini wa mfukoni haufiki wiki.

Alhamisi nikapita kumwona. Nilimkuta mlangoni mwa banda, anamalizia kugawa maji ya tangi kwa kikombe, kila mfuko kikombe kimoja.

"Usinitazame hivyo, Orrin," akasema. "Sijafa bado."

"Umempigia mwenye lori la maji?"

"Nimempigia. Ana kandarasi ya kuzima moto kwenye misitu ya serikali kuu. Akionekana anamwagilia bangi, kwaheri kandarasi. Hata sikumlaumu, maskini. Alikuwa karibu kulia kwenye simu."

"Na mjini?"

"Mjini maji yao hayatoki nje ya mpaka wa mji." Akaweka kikombe chini. "Unajua nilimwahidi nini mwanangu? Kwamba mwaka huu zao likinishinda, nauza shamba, nakwenda kukaa kwake mjini Spokane. Ameshanitengenezea chumba. Chini ya nyumba, Orrin! Kina kidirisha kama cha banda la kuku. Mimi niliyezaliwa na kuzeekea hapa, nikatazame magurudumu ya magari ya watu."

Nikaangalia miche. Mizuri, mirefu, imenifika kifuani, ila ya pembeni ilishaanza kulegea majani. Roho iliniuma.

"Zamu yako ya majani ni kesho kutwa saa sita mchana, sivyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Basi nikishafungua lango nakwenda kula. Na siku hizi nakula polepole. Meno."

"Meno yako yana nini?"

"Yanataka muda wa saa nne nzima."

Akacheka, akanipiga begani na glavu yake chafu. Hakusema atafanya, hakusema hatafanya. Nikaondoka. Nilishaamua kufumba macho, na ukitaka kunishitaki, nishitaki.

Sasa, huku kwetu kuna desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika. Jirani akifiwa, akivunjika mguu, au pampu ikimfia, wenzake humkatia saa katika zamu zao. Humwombi mtu. Unastukia tu maji yamekuja. Mwaka bwawa lilipopungua niliona watu wanaacha mahindi yao yaungue ili mwenzao aliye hospitalini asirudi akakuta shamba limekauka. Ndiyo maana nimekaa katika kazi hii. Watu wenyewe ni wabishi, wanakera, lakini hilo wanalo.

Ijumaa asubuhi Mzee Eldon Ruckert akanisimamisha barabarani. Ana miaka themanini na tatu, analima maharage, na anaichukia bangi kama mimi ninavyochukia mikutano. Lavonne alipopata leseni, Eldon alihama kiti kanisani asikae karibu naye.

"Wewe kijana, simama!" Kijana ni mimi, mwenye miaka sitini na moja. "Zamu yangu ya leo saa sita, saa zote kumi na mbili, mpe Lavonne."

Nikazima injini. "Na maharage yako, Mzee?"

"Maharage yatanisubiri. Nimesema mpe."

"Si wewe uliyemwita mama moshi mbele ya mchungaji?"

"Nilimwita, na bado ni mama moshi. Lakini mwaka niliopasuliwa nyonga, Merle alinivunia shamba zima, hakunidai hata kikombe cha kahawa. Unataka nimwambie nini Merle siku nikikutana naye?" Akanipa kadi. "Shika. Nimeshajaza."

Nikaisoma. Jina, sawa. Saa, sawa. Kwenye zao, kwa herufi kubwa za mkono unaotetemeka, ameandika: BANGI.

"Mzee," nikasema, "umeandika nini hapa?"

"Huoni? Zao."

"Ungeandika majani."

"Niseme uongo? Miaka hamsini na sita najaza kadi hizi, sijadanganya hata punje. Ana leseni, hana? Jimbo limemruhusu, halijamruhusu? Mimi siipendi, lakini halali ni halali."

"Na nakala ya ofisini?"

"Nimeshampelekea Bryce, mkononi mwake. Nikamwambia asome vizuri, maana mwandiko wangu siku hizi si mwandiko."

Lo! Ningemweleza nini? Kwamba halali ya jimbo haivuki ukingo wa mfereji? Alikuwa ameketi kwenye gari lake kuukuu, amefurahi kama mtu aliyetua mzigo wa miaka mitatu. Nikasema, "Asante, Mzee," nikaenda zangu.

Hata kilomita mbili sijafika, Bryce akapiga simu. Ni bosi wangu, kijana wa miaka thelathini na nne, si mtu mbaya.

"Orrin, hii kadi umeiona?"

"Kadi gani?"

"Usinifanyie hivyo. Mzee amesimama mbele yangu hadi nimeisoma kwa sauti, nikasaini kupokea, na wenzangu wawili wanasikia. Laiti ningekuwa sijaiona, Orrin, laiti ningekuwa sijaiona. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Ichane."

"Siwezi. Wakubwa wakija kukagua wakakuta imeandikwa maji yetu yanamwagilia bangi na hatukufanya kitu, watatufungia mfereji mzima. Familia mia mbili hizo. Funga lango lake."

"Kesho ana zamu ya majani ya ng'ombe."

"Funga lote, mpaka uchunguzi uishe. Mnyororo, kufuli, piga picha unitumie." Akashusha sauti. "Samahani, mzee wangu."

Nikamtukana. Nikakata simu nikatukana Washington zote mbili, nikamtukana na Eldon na herufi zake kubwa. Kisha nikaenda nikachukua mnyororo. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Niliogopa, basi, sina neno la kulipamba.

Lavonne alisikia chuma kikigonga chuma, akaja. Lango lake liko nyuma ya ghala, huwezi kuliona kutoka uwanjani. Nikampa ile kadi. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Amenipa zamu yake yote?"

"Yote."

"Eldon? Eldon huyu huyu?"

"Amesema ni kwa ajili ya Merle."

"Na ameandika kwa herufi kubwa," akasema, akaanza kucheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Macho yakamjaa machozi. Najua hakuwa akililia miche. Kule nyuma yake mfereji ulikuwa umejaa pomoni, maji yanapita zake kwenda kwa wengine. Nikapiga picha ya kufuli, nikamtumia Bryce.

Saa sita kasoro tukasikia gari linaingia uwanjani. Lilikuwa la Eldon. Ameshuka na koleo begani, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, juani vile, amekuja kumsaidia kuyapokea maji. Nikasema moyoni, sasa hili nani atamwambia? Mimi siwezi. Lavonne alishafuta uso kwa mkono wa shati, akamwendea haraka kabla hajafika ghalani, mimi nikamfuata.

"Maji yako wapi?" Eldon akauliza. "Saa yangu hii."

"Sikuyahitaji, Mzee. Pampu imepona."

Nimemjua Lavonne miaka arobaini. Sijawahi kumsikia akisema uongo.

"Imepona? Lini?"

"Fundi alipita asubuhi. Ni kidude tu kilikwama. Nimemwambia Orrin akurudishie saa zako. Si umemrudishia, Orrin?"

"Zako zote, Mzee," nikasema. "Kamwagilie maharage."

Akatazama koleo lake, kama mtu aliyenyimwa kazi. Kisha akatabasamu, meno yake mapya yote nje. "Unajua niliiombea? Nilipiga magoti, na magoti yenyewe ndiyo haya, nikaiombea bangi. Sijui Mungu ananionaje."

"Anakuona mtu mwema, Eldon."

"Usianze. Harufu yake siipendi mpaka kesho." Akambusu shavuni haraka, kama anayeogopa kuonekana. "Lakini nimefurahi, mama. Nimefurahi sana. Kumbe mtu akisema ukweli wake wote mambo hunyooka."

"Hunyooka, Mzee. Nenda, maji yako yanakungoja."

Akapanda gari, akageuza kwa shida. Lavonne akampungia mkono mpaka akaingia barabara kuu, tabasamu lake halijamtoka. Gari lilipopotea akakaa chini pale pale kwenye changarawe, akavua kofia.

"Usije ukamwambia," akasema. "Hata siku wakija kununua shamba. Useme nimechoka tu na kilimo."

"Sitamwambia."

Tukakaa. Nyuma ya ghala mfereji ulikuwa unavuma. Baadaye akaniuliza miche itachukua muda gani kufa. Mimi nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote, najua. Nikamwambia ni Jumapili jioni.