Bima ya Mama Mkwe

Kuna watu wanaopiga picha na mama wakwe wao, wanakumbatiana nao, wanataniana nao kwenye vikundi vya WhatsApp. Mimi nilioa Kiambere. Mama mkwe wangu hanipi mkono, hali chakula mbele yangu, na tukikutana kwenye njia nyembamba mmoja wetu lazima aingie kichakani. Mara nyingi huwa ni mimi. Sikuwahi kulalamika, kwa sababu sikuwahi kuwa na neno la kumwambia. Mwaka huu nikapata neno, na nikakiona cha mtema kuni.

Neno lenyewe lilikuwa la bima ya safari.

Mke wangu Wamuyu ndiye aliyetaka twende Kigali likizo ya Desemba. Kuna vilima vizuri, akasema, na mji ni msafi. Nikamwambia sisi tunakaa Nchiru, mtu akitaka vilima afungue dirisha. Hakucheka. Alitaka watoto wetu wawili, Purity na mdogo wake, wapande ndege, na zaidi ya watoto alitaka mama yake apande. Mama yule ameishi miaka yake yote kwenye joto la Kiambere akitazama ndege zikipita juu ya bwawa la huko. Alikuwa ameshawaambia wanawake wenzake kanisani kwamba Desemba wakiona ndege wapunge mkono, ni yeye. Neno likishasemwa mbele ya wanawake wa kanisa, nani atalirudisha?

Nikasema sawa, twendeni, lakini tukate bima. Mimi napangisha vyumba vya wanafunzi wa chuo, na kila muhula kuna bomba limepasuka au kitanda kimevunjika. Nimezoea kufikiria mabaya mapema. Nikaenda Meru mjini kwa Ikran, ajenti wa bima mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Ikran hana muda wa kuzungukazunguka.

"Nyinyi wawili na watoto mko sawa," akasema. "Huyo mama je? Ana presha? Sukari? Moyo?"

"Sijui."

"Si umuulize?"

"Ni mama mkwe."

"Basi? Mimi wangu namuuliza kila asubuhi kama amemeza dawa."

"Wewe hukuolewa Kiambere."

Akaweka kalamu chini. "Mutuma, nisikize. Kama anaumwa tuseme, halafu kampuni iamue. Lakini ukiniambia ni mzima na si mzima, akilazwa huko hawatalipa hata shilingi. Hiyo karatasi utafungia mandazi."

Sasa taabu yangu ni kwamba kulikuwa na kitu nilichokijua. Mwezi wa nane tulikuwa kwenye harusi ya binamu yake Wamuyu. Funguo za gari zikaniponyoka, nikainama kuziokota, na chini ya meza ya jirani nikaiona miguu ya mama mkwe. Alikuwa amevua viatu. Miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na ukanda wa kiatu ulikuwa umeacha mfereji. Marehemu baba yangu alivimba hivyohivyo mwaka wake wa mwisho, na ugonjwa wake ulikuwa wa moyo.

Lakini mwanamume hatazami miguu ya mama mkwe wake. Na kama ameiona kwa bahati mbaya, anaimeza aibu yake na kunyamaza. Ningemwambia Wamuyu nini? Kwamba nilikuwa chini ya meza namkagua mama yake?

Kwa hiyo nilimwambia tu ampigie simu, amuulize kama ana ugonjwa wowote, ni mambo ya bima. Akapiga. Jibu likaja: "Waambie huko kwa kina Mutuma sisi ni wazima."

Siku mbili baadaye nikamsukuma apige tena. Mara hii mama akauliza, "Baba Purity anatafuta nini? Kuna mtu amemwambia mimi naumwa?" Sasa ikawa kesi. Mimi mwenyewe nikampigia Njiru, shemeji yangu, ambaye anakaa pale pale nyumbani na mama yake. Njiru akajibu haraka kabla sijamaliza swali. "Mama ako sawa kabisa. Wachana na hiyo maneno."

Jioni ile Wamuyu aliichukua karatasi ya Ikran akaisoma yote, jambo ambalo hajawahi kufanya kwa karatasi yoyote inayoingia nyumbani kwetu. Akafika mahali palipoandikwa kusafirisha mwili wa marehemu hadi nyumbani.

"Unamkatia mama yangu jeneza?"

"Hiyo ni ya kila mtu. Hata mwili wangu umo humo."

"Basi nenda na mwili wako." Akaitupa karatasi kwenye kochi. "Mutuma, una nini na mama? Umeuliza mara ngapi sasa? Unataka asiende, si ndiyo? Useme."

Nilikuwa na jibu, na sikuweza kulitoa. Nilikasirika hadi nikatoka nje kukagua tangi la maji lisilo na kasoro yoyote. Watu wazima, wenye akili zao, na swali la ndiyo au hapana linatushinda. Ikran naye alikuwa akipiga simu kila siku: safari imekaribia, aandike nini?

Jumamosi nikachoka. Watoto tukawaacha kwa dada yangu. Nikapakia sukari, majani ya chai na mchele kwenye gari, nikamwambia Wamuyu tunaenda Kiambere kusalimia. Alijua si kusalimia. Tulipita Chuka, tukapita Embu, tukateremka Kiritiri, na njia nzima alizungumza nami maneno yanayohusu vioo vya gari tu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, akinipa mgongo kama ilivyo ada, uteo wa ndengu mapajani. Mimi niliwekewa kiti kwenye kivuli cha ghala. Wamuyu akasimama katikati yetu na kikombe cha uji. Kati yangu na mama mkwe hapakuwa na umbali unaozidi urefu wa kitanda.

"Mwambie mama nashukuru kwa uji," nikasema.

Wamuyu akamwambia kwa Kimbeere. Mama huyu huuza ndengu soko la Kiritiri kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, na alikuwa amenisikia vizuri. Akangoja aambiwe. Kisha akaziambia ndengu jibu lake, na Wamuyu akaniletea.

"Amesema karibu."

"Muulize kama ana presha."

"Mutuma."

"Muulize tu."

Akauliza. "Amesema presha ni ya watu wa mjini."

"Muulize kuna dawa gani anayokunywa."

"Amesema anakunywa chai."

Mabega ya mama mkwe yakatikisika. Alikuwa akinicheka. Damu ikanipanda. Nimeendesha gari kutoka Nchiru hadi huku kwenye jua la kuchoma mbuzi wakiwa hai, kwa ajili ya usalama wake yeye, na ninachezewa kama mtoto.

"Muulize kama moyo humsumbua," nikasema. "Muulize kama usiku anaweza kulala chali, au hujiegemeza kwa mito ndiyo apumue."

Wamuyu akanigeukia, macho yamemtoka. "Unataka nimuulize mama yangu vile analala? Wewe? Hapana. Hilo sitamuuliza."

"Mwambie ni bima inauliza."

"Bima haina mama mkwe."

 Kule mlangoni mikono ilikuwa imeacha kuchagua ndengu.

"Umeona nini?" mama mkwe akasema, kwa Kiswahili, bila kugeuka.

Wamuyu alifungua mdomo ili anirudie swali, akakuta halihitaji kurudiwa. Akaufunga.

"Niliona miguu," nikasema. "Kwenye ile harusi. Sikukusudia. Naomba unisamehe, mama."

Nilidhani atainuka aingie ndani, na mimi niende mjini kutafuta mbuzi wa kuombea radhi. Hakuinuka.

"Ni kama ya baba yako," akasema. "Nilipokuja kumwona alikuwa na miguu kama hii."

"Ndiyo, mama."

"Daktari wa Embu alisema moyo umekuwa mkubwa. Nameza dawa tangu mwaka juzi. Njiru ndiye hunipeleka. Nilimkataza kusema."

"Njiru anajua?" Wamuyu akauliza. Uji ulikuwa ukimwagikia mkono wake na hakuuona. "Njiru anajua na mimi sijui? Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikatia tikiti?"

Wamuyu akakiweka kikombe chini. Mimi nikafanya lile nililolijua, nikampigia Ikran na kuiweka simu sauti ya juu, nikamweleza. Ikran akasema polepole kuliko nilivyomzoea. Angemwandika mama pamoja nasi. Akivunjika mguu, kampuni italipa. Mzigo ukipotea, italipa. Kwa moyo, hawatalipa. "Kwa hiyo mko peke yenu hapo," akasema. "Na Mutuma, daktari wake amesema anaweza kupanda ndege?"

"Alisema nisipande," mama mkwe akajibu kabla sijamuuliza. "Nilimuuliza mwezi uliopita."

Nikakata simu.

"Basi huendi," Wamuyu akasema. Alikuwa analia sasa. "Mama, huendi."

Mama mkwe aliuweka uteo chini. Akashika nguzo ya mlango, akajigeuza pale kwenye kigoda pole pole, mguu mmoja kisha mwingine, hadi tukatazamana. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kuuona uso wake namna ile. Ni uso wa Wamuyu kabisa, umezeeka tu.

"Baba Purity," akasema. "Mwenye safari ni wewe. Bima imesema yake, daktari amesema yake, huyu mtoto naye amesema. Mimi nataka kwenda. Hata nikifia huko juu, nitakuwa nimeenda. Wewe unasemaje?"

Nilitamani ageuke. Nilitamani anipe mgongo, na Wamuyu asimame katikati, na swali lichukue njia ndefu kunifikia. Wiki nzima nilikuwa nimegombana na kila mtu ili nipate ukweli, na sasa nilikuwa nao wote, na haukunisaidia chochote. Nilimwona kwenye kiti cha ndege akitafuta pumzi, na Purity kando yake akimshika mkono. Halafu nikamwona Januari akirudi kanisani kukaa na wale wanawake waliopungia ndege ambayo hakuwemo.

"Ukae, mama," nikasema.

Alinitazama kidogo. Nilijiona kama mtu aliyemnyang'anya mtoto kitu kutoka mkononi. Kisha akashika tena nguzo ya mlango, akajigeuza vilevile pole pole, mguu mmoja kisha mwingine, akauinua uteo na kuuweka mapajani. Akasema kitu kwa Kimbeere, chini chini, akiziambia ndengu.

Wamuyu akajifuta uso kwa kiganja, akanigeukia.

"Amesema amesikia."