Bondeni Hapakuwekwa Kizibo

Mvua kubwa ikinyesha kule juu mjini, watu wa bondeni hawana haja ya kuambiwa. Chemba iliyo nyuma ya bustani ya Mama Majani huanza kuguna. Kisha mfuniko wake hucheza kama wa sufuria iliyosahauliwa jikoni, na maji taka ya mitaa ambayo haijui hata kama bonde lipo hububujika, hutafuta mteremko na kuingia mtoni. Hapo Mama Majani huziba mfereji wake kwa kiroba cha mchanga, hufunga pua kwa kitambaa, na huacha kumwagilia mpaka mto urudiwe na rangi yake. Mteja akiuliza mbona spinachi imelegea, yeye husingizia jua.

Hivyo ndivyo alivyoishi na bustani ile tangu mumewe alipofariki. Ilikuwa matuta machache ya spinachi, mchicha na vitunguu majani, yaliyobanwa kati ya ukuta wa nyumba ya mwisho na ukingo wa mto. Ardhi haikuwa na hati. Alikuwa nayo kwa sababu alikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Matuta hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yake wa pekee mpaka chuo kikuu, jani kwa jani, na kila aliyepita pale akanunua fungu alijua kwamba ametia mkono katika elimu ya yule msichana.

Msichana alipohitimu alipata kibarua katika mamlaka ya maji.

"Kazi yenyewe ni nini hasa?" mama yake alimuuliza.

"Kuwashirikisha wakazi, mama. Kuna mradi wa kujenga tangi kubwa chini ya ardhi. Mvua ikizidi, maji machafu yangoje humo, yasikimbilie mtoni. Zamani walikuwa wanachora ofisini tu. Safari hii wanataka wenyeji waonyeshe wenyewe yanafurikia wapi."

"Kwa hiyo unalipwa kuuliza watu maswali?"

"Kidogo."

"Uliza, mwanangu. Mimi nimeuliza bure miaka yote na hakuna aliyenijibu."

Wakacheka. Binti alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoiamini, nayo ilimjaa usoni mpaka mama yake akaona haya kumtazama sana, asije akaitia kijicho.

Njia aliyoibuni ilikuwa rahisi. Ramani ya mji ingetandazwa juu ya madawati katika ukumbi wa shule, na kila mkazi angepewa kizibo cha soda kilichopakwa rangi, akiweke mahali maji taka yanapomtokea. Sharti lilikuwa moja, na alilipigania ofisini mpaka likakubaliwa: kizibo kiwekwe kwa mkono wa mkazi mwenyewe. Mwenyekiti asimsemee mtu, mwenye nyumba asimwekee mpangaji, na mtu wa ofisi asiguse kabisa. Alichoka, alisema, kuona wakubwa wakiwasemea wadogo.

Vizibo alivikusanya mwenyewe madukani. Akaviosha, akavipanga kwenye sinia la mama yake na kuvipaka rangi nyekundu, ili vionekane kwa mbali. Mama Majani alisimama mlangoni akaviangalia vikikauka. Alifungua kinywa, akakifunga tena. Mtoto alikuwa anaimba.

Siku mbili kabla ya mkutano, Mzee Funguo alipita nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye mwenye vyumba vingi vya kupangisha pale bondeni, na rundo la funguo kiunoni mwake husikika kabla hajabisha hodi.

"Shemeji, umeviona vizibo vya binti yako?"

"Nimeviona."

"Rangi gani?"

"Unaijua, unaniuliza ya nini?"

"Nataka uitamke wewe." Akaegemea ukuta. "Mimi simlaumu mtoto. Alikuwa mgongoni kwako siku ile. Lakini sisi tuliona kwa macho."

Waliona kweli. Wakati huo walikuwa wakiishi ng'ambo ya pili ya mto, barabara ilipotaka kupanuliwa. Walikuja vijana wapole wenye kopo la rangi, wakauliza maswali kwa adabu, wakaandika alama nyekundu kwenye kuta. Watu wakawakaribisha maji ya kunywa. Wiki chache baadaye lilikuja tingatinga, na kila ukuta wenye alama ukalala chini. Bonde lote hili lilijaa wale waliotoka kule na magodoro vichwani.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema Mzee Funguo. "Na huu si unyasi, shemeji, ni nyoka yuleyule kabadilisha mkia. Ukiweka kizibo chekundu juu ya bustani yako isiyo na hati, umelipigia tingatinga honi. Tumekubaliana. Bondeni ni safi, hakuna kizibo."

"Na yule fundi cherehani anayefurikiwa kila msimu, naye amekubali?"

"Fundi ni mpangaji wangu. Atakataa alale wapi?"

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Watu wa juu walisukumana kwenye ramani kama wanaogombea mchezo wa bao. Mmoja aliweka kizibo, akakisogeza kidogo, akarudi nyuma kukiangalia, akakisogeza tena. "Hapo ndipo mlangoni kwangu kabisa," alisema kwa fahari, kana kwamba kinyesi kilikuwa kimemchagua yeye kwa heshima. Watu wakacheka. Ramani ikaiva wekundu kuanzia sokoni mpaka stendi.

Watu wa bondeni walipita mmoja mmoja, wakaiangalia ramani kama wanavyoangaliwa maiti, wakaenda zao. Fundi cherehani, ambaye chumba chake huingiwa kila msimu, aliweka kizibo mfukoni. Mama Majani alifika mezani akauona mto umechorwa kwa buluu safi, ukipinda palepale unapopindia kwake. Binti yake alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, mikono nyuma, kwa sababu ya sharti lake mwenyewe. Alimwomba kwa macho tu.

Mama Majani alikifumbata kile kizibo mpaka kingo zake zikamuuma, akapita.

Nyumbani, binti aliweka mkoba chini bila kukaa.

"Mama, mbona hukuweka?"

Ndipo akasimuliwa habari za kopo la rangi. Alisikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni.

"Mbona hukuniambia? Ningepaka kijani!"

"Ungepaka hata dhahabu, Mzee Funguo angepata la kusema. Woga hauchagui rangi, mwanangu, unatafuta pa kukaa tu."

"Huu mradi haubomoi mtu. Nimesoma kila ukurasa."

"Na wale wa zamani walikuwa wamesoma vilevile."

Binti akakaa. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Mimi naijua ile chemba. Nimekua nainusa. Naweza kumwambia mhandisi."

"Sharti lako linasemaje?"

Binti alibandua rangi nyekundu iliyomkaukia kwenye kucha.

"Usiniuzie bustani, mama," Mama Majani alisema, akimwita kwa jina la heshima ambalo mzazi humpa binti anapombembeleza. Hakuwahi kumwomba mtoto wake kitu. Binti aliinamisha kichwa, na ule mwanga aliorudi nao kutoka chuoni ukafifia kidogo. Mama yake aliuona ukififia.

Mkutano wa pili uliitishwa masika yakiwa yanakaribia. Safari hii mhandisi mwenyewe alikuja na mchoro, akaubandika ubaoni. Alikuwa mtu mtaratibu, anayeeleza jambo mara mbili bila kuudhika. Tangi lingejengwa karibu na soko, kwenye vizibo vingi. Lingemaliza mafuriko mengi ya mji wa juu. Watu wakapiga makofi.

"Lakini hakuna tangi lisilojaa," aliendelea. "Ikija mvua kubwa kupita kiasi, lazima liwe na mahali pa kupumulia. Tutatoa bomba moja la dharura kwenda mtoni. Tumelipeleka mahali ambapo wakazi hawana tatizo lolote, ili mzigo usiwaangukie walewale wanaoteseka tayari."

Fimbo yake ikateremka ubaoni, ikafuata mto, ikatua palepale unapopinda.

Mama Majani aliangalia ncha ya fimbo. Ilikuwa juu tu ya mfereji wake. Alimtafuta binti yake, akamwona amesimama kando ya dirisha, ametazama sakafu, na kwa namna alivyosimama mama alijua kwamba mtoto amejua tangu asubuhi, na amelia, na amenawa uso.

Mama Majani akanyoosha mkono.

"Karibu, mama," alisema mhandisi.

"Hapo ulipogusa. Nani alikwambia hapana tatizo?"

"Wakazi wenyewe. Hapo hapakuwekwa kizibo hata kimoja."

Funguo zililia mahali fulani nyuma. Mama Majani hakugeuka.

"Hatukuweka," alisema. "Si kwamba hapana. Pana chemba hapo inatapika kila mvua, inaingia mtoni moja kwa moja. Sisi tuliogopa rangi. Mara ya mwisho tulipoona nyekundu, tulilala nje."

Mhandisi aliteremsha fimbo. "Wako wengine wa bondeni hapa? Kuna anayethibitisha?"

Mzee Funguo alikuwa anakagua dari. Fundi cherehani aliangalia vidole vyake. Hakuna wa bondeni aliyeinuka.

Aliyeinuka alikuwa mwalimu wa shule ileile, mteja wa Mama Majani wa kila wiki, mwanamke mwenye watoto wadogo watatu. Hakuwa na hasira. Alionekana tu kama mtu anayejumlisha.

"Samahani, Mama Majani. Hiyo chemba iko juu ya mfereji wako au chini?"

Angeweza kusema chini. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari ulimini. Lakini kama chemba iko chini, basi na bomba la palepale lingemwagia chini ya mfereji, lisimdhuru, na mhandisi angeinua fimbo yake na kuendelea.

"Juu," alisema.

"Kwa hiyo spinachi tunayokula..."

"Ikifurika naziba mfereji. Nangoja mto utakate ndipo namwagilia."

"Unajuaje kama umetakata?"

"Naangalia rangi," alijibu Mama Majani, na akajisikia akisema hivyo mbele ya watu wote.

Mwalimu alikaa. Mnong'ono ukapita safu kwa safu kama upepo kwenye mahindi makavu. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu, ingawa Mama Majani alikuwa mbali naye.

Kesho yake asubuhi mhandisi aliteremka bondeni pamoja na binti na bwana afya. Walifunua mfuniko, wakashuka ukingoni, wakatumbukiza chupa mtoni. Mhandisi alirudi na matope hadi magotini.

"Umesema kweli, mama," alisema. "Nitapeleka pingamizi, bomba lisipite hapa. Lakini sitakudanganya. Sauti moja ni nyepesi. Mchoro umeshakubaliwa huko juu, na hii mitaa yote haina kizibo. Wakijitokeza wengine, nitakuwa na la kushika."

"Na kama hawajitokezi?"

Alikunja suruali yake upya, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Nitajaribu hivyohivyo."

Bwana afya ndiye aliyebaki na neno gumu. Alilisema akiangalia matuta, si mwenye matuta. Maji ya mto yasimwagiliwe mboga tena mpaka tangi likamilike na mto upimwe. Zilizopo zing'olewe.

"Likamilike lini?" aliuliza Mama Majani.

Wanaume wawili walitazamana. Binti ndiye aliyejibu. "Misimu kadhaa, mama. Kama kila kitu kitaenda sawa."

Wale wawili walipoondoka, mama na mwana waliingia kwenye matuta. Spinachi ilikuwa imenawiri mwaka ule, majani mapana, yanayong'aa. Mama Majani alishika shina la kwanza karibu na udongo, kama alivyozoea kuvuna, kisha akakumbuka kwamba havuni, akavuta na mizizi yake.

"Nilitaka kuwasaidia watu," binti alisema. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye mchicha. "Nikaanza kwa kukufukarisha wewe."

"Acha hayo."

"Ningeuliza kwanza. Kabla ya rangi, kabla ya sharti. Nilikwenda kuwauliza watu wote, wewe sikukuuliza."

"Nami nilikuona unapaka nikanyamaza, kwa kuwa ulikuwa unaimba." Mama Majani alikung'uta udongo kwenye mizizi. "Tugawane, mwanangu. Usibebe peke yako kama una mabega ya punda."

Binti akacheka kidogo katikati ya kilio, na kicheko hakikufika mbali.

Walikuwa wamefika tuta la vitunguu fundi cherehani alipotokea kwenye njia. Alisimama kando, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

"Mnang'oa zote?"

"Zote."

Alimeza mate. "Kwangu huingia mpaka kwenye pedeli. Juzi gauni la bibi harusi liliharibika, nikasema ni panya."

"Usiniambie mimi, fundi. Mimi nalijua. Ofisi iko wazi, na wewe una miguu."

"Mzee Funguo akinitoa chumbani, nitakwenda wapi na mashine?"

Mama Majani hakumtukana wala hakumbembeleza. Aliinama akaendelea kung'oa. Fundi alibaki pale muda mrefu, akiangalia udongo mtupu ukizidi kupanuka. Mwisho akageuka, akapanda njia polepole.

Binti alinyoosha shingo kumtazama. "Amefika njia panda ya kwenda ofisini, mama. Amesimama."

"Ng'oa, mwanangu," alisema Mama Majani. "Mvua inakuja."