Safari ya Kuulizia Sweta

"Mama Lenox, hii sweta mzee wako alifumiwa na nani huko Nairobi?"

Swali hilo liliulizwa na Maurine, jirani wa ng'ambo ya ua, mama yake Clifford, Krismasi moja miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa amekuja kuomba sukari. Akasimama kwenye kamba ya nguo, akaunyoosha mkono wa sweta iliyoanikwa, akaupima kwa shibiri, akacheka kidogo, akaenda zake na sukari yake.

Naliaka alibaki akiitazama ile sweta ya kahawia. Mumewe, Were, alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi. Hakuna shati la duka lililowahi kumfika kiganjani. Hii ilimfika sawasawa. Aliyeifuma alikuwa amempima.

Hakumuuliza. Alilipeleka jambo hilo kwa Mungu, usiku kwa usiku, na Mungu akanyamaza nalo. Kila Krismasi Were alirudi kutoka Dagoretti, alikokuwa akibeba nyama kichinjioni, na sweta nyingine kwenye mfuko: ya Lenox, ya mama mkwe, hata ya Naliaka mwenyewe, yenye vifungo vya bluu. Naliaka aliivaa kanisani na kusema asante. Kisha Were akaugua, akafia nyumbani, na swali likabaki pale pale kwenye kamba ya nguo.

Mwaka huu kwaya ya akina mama wa kanisa lake ilizunguka ikiimba. Iliimba Nakuru, ikaimba Thika, Jumapili ikamalizia katika kanisa moja katikati ya jiji la Nairobi. Ilibaki Jumatatu, siku moja ya kutembea kabla ya kurudi Webuye. Asubuhi hiyo, katika ukumbi wa kanisa la Kawangware walikolala, mwenyekiti wao Rachael alipiga makofi.

"Akina mama, tusibishane. Mlolongo! Wa Naivasha kuona viboko, nyuma ya Jackie. Wa vilima vya Ngong, nyuma yangu. Wa kushinda mjini mkihesabu maghorofa, simameni kwa dirisha. Mkifika wawili mnaenda. Mmoja, anakaa hapa anaosha sufuria. Kanuni mnaijua."

Waliijua tangu safari ya kwanza. Hakuna mama anayetoka peke yake. Wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake.

Naliaka alienda akasimama kando ya ngoma, mahali ambapo hapakuwa na mlolongo.

"Na wewe je, Mama Lenox?"

"Dagoretti. Kwa kichinjio."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Yaani tumepanda basi siku nzima tuje kuona ng'ombe akichinjwa?" alisema Jackie. "Kwani ng'ombe wa Webuye hufa kwa uzee?"

"Si ng'ombe," Naliaka alisema. "Kuna ploti ya mtu anaitwa Thuo. Mume wangu alikuwa anakaa hapo. Nataka nipaone."

Habari ya sweta hakuitaja. Lakini alikuwa ameivaa, ile ya vifungo vya bluu, na kuna mtu mmoja aliyeitambua. Maurine alikuwa wa pili nyuma ya Jackie, kofia kubwa ya jua kichwani. Habari ya viboko aliianza wakiwa bado Nakuru. Aliitazama sweta. Akamtazama Jackie. Akavua kofia.

"Aki mimi," alisema, akija kusimama nyuma ya Naliaka, "nikienda Naivasha, macho yataona kiboko lakini roho itakuwa Dagoretti."

Hapakuwa mbali. Mwanamke aliyekuwa akiosha matumbo aliwaelekeza nyuma ya kichinjio, kwenye ploti ya vyumba kumi vya mabati. Ilikuwa Julai, na baridi ya upande ule inaingia hadi kwenye meno. Njia nzima Naliaka alitazama nyuso za wanawake na mikono yao. Huyu? Au yule?

Mlango wa kwanza ulikuwa wazi. Ndani alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, kibonge cha uzi kwenye ndoo miguuni pake, sindano mbili mikononi. Alikuwa akifuma.

Aliitazama sweta kabla ya kumtazama aliyeivaa.

"Hiyo ni kazi ya Were," alisema. "Wa chumba nane. Basi wewe ni Mama Lenox. Mimi ndio Thuo. Ingieni, kuna baridi."

Aliwamiminia chai akisimulia. Yeye alifundishwa kufuma na masista, zamani, alipolazwa miezi mingi hospitalini na kifua kikuu. Were alikuwa akija kukaa naye Jumapili jioni.

"Nikamwambia, mikono kama hizo nani atakufumia? Jifumie. Ile ya kahawia alifumua mara nne, akitukana kwa Kiluhya."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Zote."

Naliaka aligusa kifungo kimoja, halafu cha pili. "Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Miaka yote hiyo alikuwa amemuuliza Mungu, na Were amekaa mezani mbele yake akila ugali.

"Sikumuuliza," alisema.

"Na yeye aliogopa. Si wewe." Thuo alianza kucheka. "Alikuwa anasema kuna jirani huko kwenu, Mama Clifford. Akijua mwanaume anafuma, soko yote itajua kabla chai ipoe. 'Thuo,' ananiambia, 'huyo mama wacha adhani nina bibi ingine huku. Hiyo itanipa heshima kidogo.' Tulicheka hiyo maneno! Huyo mama bado yuko?"

Naliaka hakugeuza shingo.

"Yuko," alisema.

Maurine aliweka kikombe chini, kimejaa vile vile. Akaokota kofia yake ya jua, akainama kupita mlangoni, akatoka.